UZI: Skolashipu ni ya mwenye alama au ya mwenye shida? Historia kidogo kabla tuanze kurushiana maneno

1/ Kila msimu wa siasa mabishano haya hurudi. Mmoja anasimama jukwaani na kuahidi skolashipu kwa kila mtoto aliyefaulu. Mwingine anamjibu kwamba pesa ziende kwa maskini kwanza. Sisi huku mtandaoni tunachagua upande kabla hata ya kuuliza neno lenyewe lina maana gani. Nasoma sayansi ya siasa, na jambo hili linanigusa: ndugu yangu mdogo yuko kidato cha nne, na nyumbani hesabu za chuo zimeshaanza. Sitataja mwanasiasa wala chama. Twende pole pole.

2/ Tuanze 1959. Kenya bado ni koloni. Royal Technical College ilikuwa imefungua milango Nairobi 1956, lakini aliyetaka digrii aliangalia Makerere kule Uganda, au ng'ambo. Nafasi zilikuwa chache mno. Septemba mwaka huo ndege moja ikabeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Kufikia mapema miaka ya 60, waliosafiri kwa mpango huo kutoka Afrika Mashariki walikuwa mamia kadhaa. Mmoja wa waliokwenda 1960 alisomea biolojia katika chuo kidogo cha Kansas, na 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

3/ Hadithi hii husimuliwa kana kwamba akili peke yake iliwapandisha ndege. Si hivyo. Vyuo vya kule vilitoa nafasi na karo, lakini nauli ililipwa na nani? Marekani, Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Huku nyumbani familia zilichangisha. Na kabla ya hayo yote, mwanafunzi alihitaji kukubaliwa na chuo, maana yake mtu awe amemwambia kwamba chuo hicho kipo na kinachukua watu kama yeye. Alama zilifungua mlango, lakini habari na michango ndizo zilimfikisha mlangoni.

4/ Baada ya uhuru serikali ililipa karibu kila kitu: masomo, malazi, hata posho. Nchi ilihitaji watumishi wa umma haraka, na aliyesomeshwa alitarajiwa kuitumikia serikali. Mfumo huo ulikuwa wa alama tupu. Ukifaulu, umelipiwa, uwe mtoto wa mkurugenzi au wa mchuma chai. Lakini wanafunzi wakaongezeka na hazina haikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka wa masomo wa 1974/75 ikaja mikopo. Mapema miaka ya 90 wanafunzi wakaanza kulipa sehemu ya karo. 1995 Bunge likapitisha sheria iliyounda HELB.

5/ Sehemu hii wengi wetu hatuijui. Wakati wa JAB, idadi ya waliochukuliwa vyuo vya umma ilitegemea vitanda vilivyopo hosteli. Kiwango cha chini cha digrii kilikuwa C+, lakini ungeweza kupata zaidi ya hapo na bado ukaachwa nje. Sasa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo ya kujilipia, tuliyoyaita paralelo, na vyuo vingine vikafuata. Wanafunzi wawili, darasa moja, mwalimu mmoja: huyu analipiwa na serikali, yule babake ameuza shamba. Wa kwanza mara nyingi alitoka shule ya upili yenye maabara na walimu wa kutosha. Je, hapo tulikuwa tunalipa akili, ama tulikuwa tunalipa shule aliyotoka?

6/ Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliondoa JAB na kuleta KUCCPS. 2016 serikali ikaanza kupeleka wanafunzi wake hata vyuo vya binafsi. Kisha 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili, na hapa ndipo kelele zote zinatoka. Alama zako sasa zinakupa kozi. Pesa zinaamuliwa na hali ya nyumbani kwenu. Familia hupangwa katika makundi matano: kundi la kwanza skolashipu 70%, mkopo 25%, familia 5%. Kundi la tano skolashipu 30%, mkopo 30%, familia 40%. Anayepelekwa chuo cha binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini si hiyo skolashipu.

7/ Kwa hivyo ukisikia "skolashipu ya serikali" leo, jua hiyo si zawadi ya kufaulu. Ni msaada wa uhitaji. Wanaoutetea wanasema ni haki, maana mfumo wa zamani uliwasomesha bure hata waliojiweza. Wanaoupinga wanauliza: nani anapima umaskini wetu, na kwa kutumia nini? Mama anayeuza mboga hana hati ya mshahara. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Pande zote mbili zina hoja. Tatizo ni mwanafunzi aliyepangwa kundi lisilo lake huku masomo yameshaanza.

8/ Basari nayo ni kitu kingine. Ile ya NG-CDF, iliyoanza kama CDF 2003, na zile za kaunti husaidia, lakini mara nyingi ni pesa kidogo za mara moja. Usipange miaka minne juu yake.

9/ Na ng'ambo? Vyuo vinane vya Ivy League, Harvard ikiwemo, havitoi skolashipu ya alama hata kidogo. Vinaangalia uwezo wa familia tu. Vyuo vingine vingi vya Marekani visivyo na jina kubwa ndivyo hutoa pesa kwa alama. Mtoto mwerevu wa familia ya wastani anaweza kupata nafuu zaidi mahali ambapo jirani hajawahi kupasikia.

10/ Kama kuna mtoto wa kidato cha nne kwenu, ulizeni chuo chochote maswali haya:
– Pesa hizi ni za alama au za uhitaji?
– Ni za mwaka mmoja au mpaka amalize?
– Alama zikishuka, anapoteza?
– Hazilipii nini? Hosteli, chakula, nauli?
– Siku ya mwisho ya kuomba ni lini?
Na yeyote anayetaka mlipe kwanza ndipo "awapatie skolashipu", kimbieni.

11/ Sasa turudi jukwaani. Tangu 1959 hatujawahi kuwa na mfumo wa alama tupu usiobebwa na mfuko wa mtu fulani. Kwa hivyo mgombea akiahidi skolashipu, usipige makofi bado. Muulize: kwa alama au kwa uhitaji? Nani atapima? Pesa zinatoka fungu gani, na zitafika kabla muhula uanze au baada ya mtoto kufungiwa nje ya mtihani?

12/ Kama kwenu mlipangwa kundi lisilo lenu, andika hapa chini mlifanyaje rufaa. Kuna mzazi mahali anasoma na hajui hata kwamba anaweza kukata rufaa.