Tumbaku Gusii: Kutoka Mimbari ya Nyanchwa hadi Kibanda cha Keroka

Historia ya kuzuia tumbaku nchini Kenya husimuliwa zaidi kama historia ya Nairobi: mawaziri, wabunge, majaji na mawakili wa kampuni. Katika nchi ya Abagusii historia hiyo ina mwanzo mwingine, tena wa zamani zaidi. Karibu karne nzima kabla ya Bunge kupitisha sheria, wamisionari wa Kiadventista walifika Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, mwaka 1912, wakiwa na sharti lisilojadiliwa: anayetaka kubatizwa aache tumbaku.

Hapa tumbaku imepita katika mikono mitatu iliyojaribu kuiwekea mipaka: ya wazee, ya kanisa na ya serikali. Ukiwalinganisha watatu hawa utaona kwamba nguvu ya katazo haikutokana na ukali wa adhabu. Ilitokana na ukaribu wa mkatazaji na mtumiaji. Sheria ya mwaka 2007 ni nzuri, na kanuni zake zimeshinda hadi Mahakama ya Juu, lakini katika miji kama Keroka bado inatafuta mtu wa kuisimamia pale sigara inapobadilisha mikono.

Kiko cha wazee

Tumbaku asili yake ni bara la Amerika. Ilivuka bahari pamoja na mabaharia wa Ulaya katika karne ya 16, ikapandwa pwani za Afrika, kisha ikasafiri bara kwa njia za biashara hadi maeneo ya ziwa. Milima ya Gusii ina mvua ya kutosha na udongo wenye rutuba, na mmea huo haukuhitaji shamba kubwa. Mahali padogo karibu na boma palitosheleza mahitaji ya mzee na wageni wake.

Ilitumiwa kwa njia mbili. Kulikuwa na kiko, na mafundi wa Tabaka, ambao leo wanajulikana duniani kwa vinyago vya mawe laini, walichonga viko na mabakuli ya matumizi ya nyumbani kabla ya soko la watalii kuzaliwa. Kulikuwa pia na ugoro: majani yaliyokaushwa, yakasagwa na kunuswa. Wanaume kwa wanawake waliutumia, hasa waliokwisha kula chumvi nyingi.

Udhibiti ulikuwepo, ingawa haukuandikwa popote. Abagusii wana kanuni za heshima ziitwazo chinsoni, zinazotenga kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto katika mazungumzo, mwenendo na starehe. Mambo ambayo mtu angeyafanya huru mbele ya rika lake hakuyafanya mbele ya baba yake wala baba mkwe. Katika mfumo huo starehe za wazee zilibaki za wazee. Hakuna askari aliyehitajika, kwa sababu macho ya jamaa yalitosha.

Sharti la ubatizo

Kanisa la Waadventista Wasabato liliingia Kenya mwaka 1906 kupitia Gendia, karibu na Kendu Bay, likiongozwa na Arthur Carscallen kutoka Kanada akiwa na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi ambayo leo ni Malawi. Miaka sita baadaye lilipanda milimani hadi Nyanchwa. Wakatoliki walikuwa wametangulia Nyabururu mwaka 1911.

Waadventista walikuja na mafundisho ya afya yaliyokuwa yamekomaa kwao Marekani. Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa hilo, alianza kuonya dhidi ya tumbaku mwaka 1848, zaidi ya miaka 100 kabla ya utafiti wa Richard Doll na Bradford Hill, uliochapishwa Uingereza mwaka 1950, kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Kwa muumini wa Nyanchwa hoja haikuwa ya takwimu. Mwili ni hekalu la Roho, na moshi hauingii hekaluni.

Wakatoliki hawakuweka sharti kama hilo. Hivyo tumbaku ikawa alama ya dhehebu: katika kijiji kimoja ungeweza kumtambua Msabato kwa Jumamosi yake, kwa nyama asizokula na kwa kutoonekana na kiko wala ugoro. Mafundisho yayo hayo yaliwaonya waumini dhidi ya chai na kahawa, na hapo historia ikachukua mkondo wake, maana chai na kahawa ndizo baadaye zilizolipa karo ya watoto wa Gusii. Shamba la chai halikumtenga mtu na kanisa. Tumbaku ilimtenga.

Haikuwa safari nyepesi. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Kisii mnamo Septemba 1914, vituo vya misheni vya Nyanchwa na Nyabururu viliporwa. Miaka hiyohiyo imani ya Mumbo, iliyotabiri mwisho wa Wazungu, ilienea kutoka upande wa Waluo hadi Gusii, na maofisa wa kikoloni waliwatuhumu wafuasi wake kwa kuvuta bangi. Hata hivyo kanisa lilirudi, likakua, na leo Gusii ni mojawapo ya ngome kubwa za Waadventista Afrika Mashariki.

Siri ya katazo hilo ilikuwa katika utaratibu wake. Kulikuwa na darasa la ubatizo, ambamo mtu alisimama na kuahidi mbele ya majirani zake. Kulikuwa na wazee wa kanisa waliotembelea nyumba na kujua nani amerudi nyuma. Kulikuwa na mahali pa kumrudisha aliyeanguka. Katazo lilikuwa na uso wa mtu, na mtu huyo alikaa kijijini.

Serikali yenye mkono katika pakiti

Dola ya kikoloni ilichagua cha kukataza na cha kutoza ushuru. Bangi ilipigwa marufuku katika miaka hiyo ya kwanza, tumbaku ikaachwa istawi. British American Tobacco ilianza biashara Kenya mwaka 1907, ikawa na kiwanda Jinja, Uganda, mwaka 1928, na baada ya uhuru, mwaka 1969, hisa za tawi lake la Kenya zikaingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Sigara ya kiwandani iliishinda nguvu mila ya wazee kwa njia rahisi: iliuzwa kwa yeyote mwenye senti, popote, bila kujali rika lake.

Katika miaka ya 1970 kampuni ilianza kuwapa wakulima mikataba, na Kuria na Migori, upande wa kusini-magharibi mwa Gusii, zikawa miongoni mwa ngome zake. Mkulima alipewa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, akajenga banda la kukaushia, akatafuta kuni, na mwisho wa msimu akakatwa deni kabla ya kuona faida. Mastermind Tobacco ya Wilfred Murungi ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuanza kununua majani, serikali ilitoa kanuni za mwaka 1994 zilizombana mkulima auze kwa kampuni iliyomdhamini tu. Nyaraka za ndani za BAT, zilizofichuliwa baadaye na kuchambuliwa na watafiti mwaka 2007, zinaonyesha kwamba kampuni yenyewe ndiyo iliyoandika rasimu ya kanuni hizo.

Jambo hili lafaa kukumbukwa kila tunapojadili udhibiti. Tumbaku haikuwahi kukosa sheria Kenya. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni sheria ya kumlinda mvutaji, mtoto na mkulima.

Kutoka Nakuru hadi Mahakama ya Juu

Kenya ilitia saini na kuridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku siku moja, Juni 25, 2004. Mwezi Mei 2006 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alitangaza kanuni za kuzuia uvutaji hadharani. Kampuni zikakimbilia kortini na kanuni zikasimamishwa. Wakati Nairobi ikivutana mahakamani, miji ilianza kujitungia sheria ndogo. Nakuru ilipiga marufuku uvutaji hadharani mwaka huohuo wa 2006, na jiji la Nairobi likafuata mwaka 2007.

Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka huo, Rais Mwai Kibaki akaitia saini mwezi Septemba, na ikaanza kutumika Julai 2008. Ilizuia matangazo, ikakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na ikaweka faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi sita kwa anayevuta mahali palipokatazwa. Ilitaka pia sigara ziuzwe katika pakiti isiyopungua sigara 10.

Hoja za wapinzani hazikuwa za kupuuzwa zote. Walitaja ushuru unaoingia hazina, riziki ya maelfu ya wakulima, na hatari ya sigara za magendo kujaza pengo. Hoja ya wakulima ndiyo nzito kuliko zote, na imejibiwa kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno: Jacob Kibwage na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maseno walijaribu mianzi kama zao mbadala kusini mwa Nyanza kuanzia miaka ya 2000, na hivi karibuni mashirika ya Umoja wa Mataifa yamewasaidia wakulima wa Migori kuhamia kwenye maharagwe yenye madini ya chuma, wakiwa na soko la uhakika. Mkulima hafungwi na mapenzi ya tumbaku. Hufungwa na mkopo na uhaba wa mnunuzi mwingine.

Vita vilirejea kortini baada ya kanuni za mwaka 2014, zilizotaka picha za maonyo kwenye pakiti, uwazi kuhusu viambato, mipaka katika mawasiliano ya maofisa wa umma na kampuni, na mchango wa asilimia 2 kwa mfuko wa kudhibiti tumbaku. BAT ilishtaki. Mwezi Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi alizipitisha karibu zote, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye Februari 2017, na Mahakama ya Juu ikafunga shauri hilo Novemba 2019. Ulikuwa ushindi mkubwa wa afya ya umma.

Pale Keroka

Sasa tuulete ushindi huo Keroka. Mji huu umekaa kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, umezungukwa na majani chai, na mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira unaupitia katikati. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti hizo zimevutana kuhusu nani atoze ushuru upande upi.

Simama kwenye kibanda chochote karibu na steji ya matatu. Kijana anaweka sarafu juu ya mbao, hasemi jina la sigara, kwa kuwa muuzaji anamjua. Muuzaji anaingiza vidole ndani ya pakiti iliyo chini ya meza, anatoa sigara moja, anaiweka kiganjani mwake. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi kwenye nondo za dirisha. Kijana anawasha, anaondoka. Pakiti imebaki chini ya meza, pamoja na picha yake ya ugonjwa.

Picha ile ndiyo iliyopiganiwa kwa karibu miaka mitano katika mahakama tatu. Anayenunua sigara moja moja haioni. Na anayenunua moja moja mara nyingi ndiye kijana asiye na pesa ya pakiti nzima, yaani yule ambaye sheria ilimlenga kwanza. Uuzaji wa reja reja wa namna hii unabatilisha kwa mkono mmoja yale ambayo majaji waliyajenga.

Mbele kidogo, sokoni, kuna mama anayeuza ugoro. Anaupima kwa kijiko, anaufunga katika kipande cha karatasi ya daftari. Hakuna onyo, hakuna jina la mtengenezaji, hakuna umri unaoulizwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu tumbaku uligundua kwamba wanawake wanaovuta sigara Kenya hawafiki asilimia 1, lakini asilimia 3.8 hutumia tumbaku isiyovutwa. Kwa mwanamke wa Kenya, basi, tumbaku ni ugoro zaidi kuliko sigara, na mjadala wetu wote wa miaka 20 umekuwa wa moshi. Mama zetu na nyanya zetu wameachwa nje ya mazungumzo kana kwamba nikotini ya ugoro haifungi mtu.

Kazi ya kaunti mbili

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti afya ya msingi, udhibiti wa dawa za kulevya, matangazo ya nje na kero za umma. Maofisa wa afya ya umma wanaopita sokoni kukagua nyama na vyoo ni watumishi wa kaunti. Hakuna mtu mwingine aliye karibu na kibanda kama wao. Keroka inahitaji maofisa wa Kisii na Nyamira wakague kwa kanuni moja, la sivyo upande mmoja ukibanwa, biashara itavuka barabara tu. Kaunti mbili zinazoweza kugombania ushuru wa soko zinaweza pia kugawana wajibu wa soko hilohilo.

Kinachotakiwa kinajulikana. Wauza vibanda wafundishwe kwanza, waonywe pili, na mwisho watozwe faini, wakijua kwamba sigara moja moja ni kosa. Wauza ugoro waorodheshwe, bidhaa yao iwekewe onyo kwa Kiswahili na Ekegusii, na mzee wa miaka 70 asitendewe kama mhalifu kwa mazoea ya nusu karne. Zahanati ziwe na mtu wa kumsaidia anayetaka kuacha, kwa sababu katazo lisilo na msaada humwacha mtu peke yake na kiu yake. Makanisa, ambayo yana karne nzima ya uzoefu wa kumsindikiza mtu aache tumbaku, yaalikwe kama washirika, na wasio waumini wahudumiwe vilevile bila kuulizwa dini.

Wazee waliidhibiti tumbaku kwa sababu waliishi na vijana wao. Kanisa lilifaulu kwa sababu lilibisha hodi. Serikali imepata sheria bora kuliko zote mbili, inayomlinda kila raia bila kujali ukoo wala dhehebu, na haina kisingizio cha kuiacha Nairobi.