Nilikaa Nyuma ya Pipa Hadi Pesa Ikaisha: Vile Gemu za Kunyata Zilijifunza Kutuachia Uamuzi

Wasee, leo si video. Nimejaribu kurekodi hii stori mara tatu na kila mara inafika dakika arobaini kabla sijagusa jambo lenyewe. Basi naiandika, mtaisoma kwa matatu.

Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu. PS3 mbili, televisheni mbili juu ya kreti za soda, na benchi moja ambayo ukisimama vibaya mwenzako anaanguka. FIFA ilikuwa shilingi 20 kwa mechi. Ukitaka gemu nyingine yoyote ulilipa kwa saa, shilingi 60, na kila mtu alikuangalia kama umechanganyikiwa. Likizo ya Agosti, kidato cha kwanza, nikaokota diski ya Dishonored chini ya rundo, kava imepasuka. Nikaiweka. Dakika kumi na tano baadaye nilikuwa nimechutama nyuma ya pipa nikisikiliza masoja wawili wakipiga domo kuhusu mshahara.

Mwenye kibanda akaja akasimama nyuma yangu. "Kijana, hiyo imekwama?"

"Hapana, natega."

"Unatega nini na saa yako inaisha?"

Hilo swali lilinikaa kichwani miaka. Juu ukiangalia vizuri, ndilo swali la historia nzima ya gemu za kunyata: kwa nini mtu mwenye upanga mkononi akubali kungoja?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1981 kule Marekani, jamaa anaitwa Silas Warner alitoa Castle Wolfenstein kwa kompyuta ya Apple II. Wewe ni mfungwa ndani ya ngome ya Wanazi, una bastola na risasi za kuhesabu. Tayari kuna uamuzi hapo: ukipiga, risasi zinaisha. Lakini unaweza kumwelekezea soja bastola akainua mikono, ukampekua. Ukipata sare ya adui ukaivaa, masoja wa kawaida wanakuacha upite. Wale wa SS hawadanganyiki. 1981, manze! Kompyuta ambayo leo haiwezi kufungua hata picha yako ya wasifu, na tayari inakuuliza wewe ni mtu wa aina gani ukibanwa.

Miaka sita baadaye, 1987, Hideo Kojima akatoa Metal Gear kwa kompyuta ya MSX2 huko Japani. Hii wengi mnaijua kama chimbuko, na sababu yake inanifurahisha kila nikiisimulia. Alikuwa ametakiwa atengeneze gemu ya vita. Shida ni kwamba mashine yenyewe ilishindwa kubeba watu wengi na risasi nyingi kwa skrini moja. Sasa vita gani hiyo bila watu? Akaigeuza: badala ya kupigana, ufaulu kwa kutoonekana. Yaani brikicho. Tulivyocheza utotoni, unajificha nyuma ya tangi la maji huku moyo unagonga, ndivyo hivyo tu, ila anayekutafuta ana bunduki.

Lakini Metal Gear ya kwanza bado ilikuwa hasa brikicho ya kuona. Soja anaangalia mbele moja kwa moja, wewe pita pembeni. Mapinduzi kamili, kwangu, ni 1998, na hapa nitakaa kidogo, nisameheni.

Kampuni ndogo ya Looking Glass Studios, Cambridge, Massachusetts, ilitoa Thief: The Dark Project. Unacheza kama Garrett, mwizi. Ana upanga lakini akizungukwa na masoja wawili amekwisha. Chini ya skrini kuna kito kidogo kinachong'aa ukiwa kwenye mwanga na kufifia ukiwa gizani. Hicho ndicho kioo chako. Halafu sakafu. Zulia na nyasi zinanyamaza, vigae na chuma vinakusaliti. Na sauti ilisafiri kweli, ikipita milangoni na kukata kona, kwa hivyo soja wa chumba cha pili alikusikia, na wewe ulimsikia akikohoa, akipiga mluzi, akijiambia pengine ni panya tu.

Mishale ndiyo iliniua. Mshale wa maji unazima mwenge ukutani. Fikiria hapo: gemu nyingine zote zilikupa silaha ya kumwondoa adui, hii inakupa silaha ya kuondoa mwanga. Mshale wa kuvu unatandaza kitu laini kwenye sakafu ya chuma ili upite kimya. Mshale wa kamba unakwama kwenye mbao na kuteremsha kamba, basi kila boriti ya dari inageuka kuwa mlango. Hakuna mahali pameandikwa "pitia hapa." Unaangalia nyumba kama mwizi anavyoiangalia.

Na kulikuwa na hili. Ukiongeza ugumu, Thief haikuongezea tu maadui nguvu. Ilikuongezea masharti. Iba zaidi, na kwenye ugumu wa juu kabisa, usiue. Hoja yake ni kwamba mwizi hodari hahitaji kuua, akiua maana yake kazi imemshinda. Hapo ndipo kungoja kukapata heshima. Kule kukaa nyuma ya pipa si uoga, ndiyo ufundi wenyewe.

Looking Glass ilifungwa Mei 2000. Pesa ziliisha. Lakini Warren Spector, aliyekuwa amepita hapo, tayari alikuwa Ion Storm kule Austin, Texas, na mwezi uliofuata wakatoa Deus Ex. Kiongozi wa usanifu wa gemu hiyo aliitwa Harvey Smith. Shikeni hilo jina.

Deus Ex ilifanya nini? Iliacha kukuuliza kwa menyu. Mfano ambao bado nabishania na watu: kuna mahali uko hotelini na kaka yako Paul, ni mgonjwa, maadui wanakuja, na anakuambia utoroke kwa dirisha. Ukimtii, ukatoka dirishani, anakufa. Ukikaa, ukapigana, ukatoka kwa mlango, anaishi na utamkuta mbele ya safari. Gemu haikwambii kwamba huu ni uamuzi. Watu wengi waliimaliza bila kujua Paul angeweza kuokoka. Mimi ni mmoja wao. Nilitoka kwa dirisha kama mwizi wa kuku, nikadhani hiyo ndiyo hadithi.

Gemu hiyo hiyo ilikuwa na mabomu ya kubandika ukutani, na wachezaji wakagundua unaweza kuyakanyaga. Bandika moja, panda, bandika lingine juu yake, panda. Watu wakakwea kuta ambazo waundaji walidhani ni mwisho wa ramani. Haikupangwa hivyo. Lakini kama sheria za dunia ya gemu ni za kweli, mchezaji atazitumia kama anavyotumia sheria za dunia hii, yaani vibaya.

Siku hizi kila gemu inajisifu ina "uamuzi." Wengi wanamaanisha vitufe viwili: mwema hapa, mbaya pale. Hebu niwape mfano wa kufeli kabisa. Deus Ex: Human Revolution, 2011, gemu nzuri sana, unaweza kuicheza yote kwa kunyata. Halafu unafika kwa wakubwa wa maadui na mlango unafungwa nyuma yako: pigana ama ufe. Kumbe mapambano hayo yalikuwa yamepewa kampuni nyingine iyatengeneze. Ule ustadi wote uliojenga wa kujificha na kudukua milango ukawa bure. Walirekebisha kwa toleo la 2013, wakaweka njia nyingine za kuwashinda, lakini sisi tulioumia tuliumia. Kojima naye, 2004, kwa Metal Gear Solid 3, alikuwa amekwenda kinyume. Hakukukataza kuua. Alingoja, kisha akakupitisha mtoni usiku, na mizimu ya kila uliyemuua ikaja ikikutembelea mmoja mmoja. Aliyenyata anapita haraka. Aliyeua kila mtu anatembea hadi anachoka.

Sasa, Dishonored. Oktoba 2012, Arkane Studios, ofisi yao ya Lyon kule Ufaransa na ile ya Austin. Waongozaji ni Raphaël Colantonio na, eeh, yule Harvey Smith. Mji unaitwa Dunwall, una tauni inayoenezwa na panya. Wewe ni Corvo, mlinzi wa malkia, umesingiziwa kumuua. Unaweza kuruka kutoka paa hadi paa kufumba na kufumbua, kusimamisha wakati, kuingia ndani ya mwili wa panya au samaki au mtu. Wakati wa majaribio, wachezaji waligundua kwamba ukijirusha kutoka ghorofani, ukamwingia mtu aliye chini kabla hujagonga ardhi, huumii. Waundaji wangeziba hilo shimo. Waliliacha.

Na mji unakumbuka. Ukiua sana, panya wanaongezeka, wagonjwa wanaotokwa damu machoni wanajaa vichochoroni, na watu wako mwenyewe wanaanza kukuogopa. Mantiki yake ni ya kawaida kabisa: maiti nyingi, chakula kingi cha panya. Hata Emily, mtoto wa malkia, michoro yake inabadilika.

Hapa ndipo wengi mnanipinga, na si kwa ubaya. Mnasema: gemu imenipa upanga, bastola, mabomu, mpaka kundi la panya wa kutafuna watu, halafu inaninunia nikivitumia. Anayenyata amepewa nini? Kukaba shingo na mishale ya usingizi. Ni kama kualikwa karamu, sahani zote ni nyama, halafu unasifiwa ukila kachumbari. Kusema ukweli mko sahihi nusu. Hata wao walijua, ndiyo maana Dishonored 2 ya 2016 ikaongeza vifaa vingi vya kutoua, na ile ya 2017, Death of the Outsider, ikaondoa kabisa huo mfumo wa kuhesabu vurugu.

Lakini mimi naona kuuondoa kulipunguza kitu. Njia ya kutoua kwenye ile ya kwanza haikuwa safi kama watu wanavyodai. Ndugu wawili wa ukoo wa Pendleton, usipowaua, wananyolewa nywele, wanakatwa ndimi na kupelekwa kuchimba migodi yao wenyewe. Kwenye karamu ya Lady Boyle, usipomuua, unamkabidhi akiwa amezimia kwa mwanamume anayemtamani, na anaondoka naye kwa mashua. Mchezo unakuandikia kwamba hukumwaga damu. Nilicheza hiyo karamu nikiwa mkubwa, usiku, kwa kompyuta ya kuazima, na nilizima mashine nikaenda kulala bila kuendelea. Hakuna kitufe cha mwema pale. Nilijua nimefanya nini.

Kitu kingine kinachoua uamuzi ni sevu. Soja akikuona unarudisha sevu, dakika moja nyuma, kana kwamba haikutokea. Unaweza kumaliza gemu nzima bila kubeba kosa hata moja. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, swali ninaloulizwa zaidi ni kama najuta, na sina jibu juu sikuwahi kuicheza ile njia nyingine. Mamangu bado anawaambia majirani niko likizo ndefu.

Kwa kile kibanda, sevu hazikuwa zako. Akaunti ilikuwa moja, ya kila mtu. Nilikuwa nimepitia misheni nne bila kuua hata mlevi, kwa kuungaunga nauli na pesa ya chakula cha mchana. Nikapelekwa mashambani wiki moja. Niliporudi, rafiki yangu wa ploti ya jirani alikuwa ameendelea na sevu yangu. Karamu ya Boyle, alikuwa ameua wageni, watumishi, wapiga muziki. Misheni iliyofuata hivyo hivyo. Nikaingia mjini nikakuta panya kila kona na sikuelewa. Nilidhani diski imeharibika.

Nikaendelea tu, sikuwa na pesa ya kuanza upya. Nikanyata misheni zote zilizobaki. Mwishoni kuna mzee mwendesha mashua, Samuel, amekubeba gemu nzima, ndiye mtu wa pekee niliyempenda pale. Akanifikisha kisiwa cha mwisho, mvua inanyesha, akaniambia nimekuwa mtu mbaya kuliko wale tunaowawinda. Kisha akatoa bastola akafyatua hewani ili masoja wote wajue nimefika.

Nilisimama kwa benchi, yule wa kando akaanguka. Nikapiga kelele, "Si mimi! Si mimi niliwaua!" Mwenye kibanda hakunielewa. Rafiki yangu alikuwa pale mlangoni akila mahindi, akaniangalia kama mimi ndiye mwenye shida.

"Lakini si nilikuachia risasi?"