CD za mbuyu zinaharibika! Hivi ndivyo utaokoa hizo ngoma zicheze kwa simu, laptopu na gari

Kama kwenu kuna droo imejaa CD za rhumba, benga ama zile kapuka na genge za miaka ya 2000, harakisha. Wengi hulinda ule upande unang'aa, kumbe ngoma zenyewe ziko chini tu ya rangi ya upande wa lebo. Hapo pakichubuka, imeenda hiyo. Na si kila albamu ya kitambo utaipata mtandaoni.

Siri ni moja: toa ngoma mara moja kwa ubora wa juu, alafu kila kifaa ukipatie nakala yake.

1. Tafuta draivu
Laptopu nyingi za siku hizi hazina pahali pa kuweka CD. Nunua draivu ya nje ya USB ama uombe beshte. Panguza CD na kitambaa laini, kutoka katikati ukienda nje. Usizungushe.

2. Toa kwa FLAC, si MP3
Programu ya fre:ac ni ya bure na iko ya Windows, Mac na Linux. CD ikiwa na mikwaruzo, jaribu Exact Audio Copy kwa Windows, hiyo hurudia kusoma pahali pabaya mara kadhaa. FLAC hupunguza faili bila kutupa sauti yoyote. MP3 hutupa, na ikishatupa hairudi. Albamu moja ya FLAC hukula kama MB 300 hadi 400, so diski ya TB 1 inabeba zaidi ya albamu 2,000.

3. Panga majina
Hapa ndio wasee hulemewa. Simu haijali umeita faili nini, inasoma tagi, yaani maelezo yaliyo ndani ya faili. Ukiandika "OK Jazz" hapa, "TPOK Jazz" pale na "Franco" kwingine, simu itakuonyesha wasanii watatu na bendi ni ile ile. Chagua jina moja ushikilie hilo. MusicBrainz Picard, nayo ya bure, itakujazia tagi. CD ikikosa kwa orodha yake, andika mwenyewe ukiangalia kava.

Folda ziende hivi: msanii, albamu, alafu "01 Jina la ngoma". Hiyo sufuri usiiruke, ama ngoma ya 10 icheze kabla ya ya 2.

4. Kila kifaa na nakala yake
Simu: geuza FLAC ziwe MP3 za kbps 320. Ngoma ya dakika nne itakuwa karibu MB 10. Kama una nafasi, Android hucheza FLAC zenyewe. Kwa iPhone weka VLC.

Gari: tumia MP3, na flashi iwe FAT32. Redio nyingi za gari zikiona kitu ingine zinakataa.

5. Weka akiba
Diski ikianguka, hiyo kazi yote imeenda. Weka nakala ya pili kwa diski nyingine, na ikae nyumba nyingine. CD zenyewe usitupe.

Na maze, hizi nakala ni za kuskiza kwenu. Ukianza kuziuza kwa flashi, unamwibia msanii.

Sasa fungua hiyo droo. Utaanza na CD gani?