Mirathi Muscat: karatasi za kushika, na watu wa kuwaambia "ngojeni"



Mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka jana, nami nikakaa eda hapa nyumbani kwetu Al Khuwair. Azaa yetu ilikuwa ya siku tatu kama kawaida. Siku ya nne, majamvi hata hayajakunjwa, simu zikaanza. Wa kwanza alitoa pole kwa Kiarabu, aliposikia lafudhi yangu akahamia Kiswahili kizuri kabisa, akasema yeye ni wa ofisi ya kushughulikia mirathi. Wa pili alikuwa dalali mwenye mnunuzi wa nyumba. Wa tatu alipiga kutoka Unguja.

Nimefanya kazi ya ukarani miaka 31, na masista walionisomesha skuli Unguja hawakuwa wakipokea karatasi isiyo na tarehe. Hata hivyo nilikaribia kutia saini kitu ambacho ningekijutia. Ndiyo maana naandika haya: kwanza taratibu ilivyo, halafu shinikizo linaingia wapi.

Cheti cha kifo, kisha ilamu ya warithi

Hospitali hutoa taarifa ya kifo. Taarifa hiyo hupelekwa Polisi ya Oman, idara ya hali ya kiraia, ndiko kinakotoka cheti cha kifo. Toeni nakala nyingi, maana kila ofisi itataka yake.

Baada ya hapo familia huomba mahakamani ilamu ya kisheria, yaani hati inayowataja warithi wote wa marehemu. Mtahitaji cheti cha kifo, vitambulisho vya warithi, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, na mashahidi wanaoijua familia. Kama hamjui kuandika ombi la Kiarabu, ofisi za Sanad zimetapakaa mitaani na kazi yao ndiyo hiyo. Ulizeni ada kabla, na mchukue risiti.

Bila ilamu hakuna kinachosogea. Benki hufunga akaunti ikishapata habari ya kifo, na haifungui mpaka ione karatasi ya mahakama. Hati ya nyumba, ile tunayoiita mulkiya, hubadilishwa majina Wizara ya Makaazi. Gari hubadilishwa kwa polisi wa usalama barabarani.

Wakala wa marehemu hufa naye

Hapa wengi hukosea bila nia mbaya. Mwanangu mkubwa alikuwa na wakala wa baba yake tangu alipoanza kuumwa, na kadi ya benki alikuwa nayo. Siku ya pili ya msiba alitaka kwenda kutoa fedha za kulipia chakula cha wageni. Nikamwambia, baba, wacha. Wakala humalizika pale aliyeutoa anapofariki. Tangu saa ile fedha zile ni za warithi wote, na anayezitoa kwa kadi, hata kwa jambo jema, atakuja kuulizwa na ndugu zake na pengine na mahakama. Tulichanga mifukoni mwetu, tukaweka risiti, na gharama za mazishi zikarudishwa kwa utaratibu.

Baada ya ilamu, warithi wanaweza kumpa mmoja wao wakala mpya mbele ya katibu adili. Upo wakala wa jumla, unaomruhusu mtu kufanya kila kitu hata kuuza, na upo wakala maalumu, wa jambo moja lililotajwa. Toeni maalumu. Aliyepewa wakala wa kufuatilia benki hana ruhusa ya kuuza nyumba.

Mali hugawiwaje

Oman hufuata Sharia, na Sheria ya Hali za Kibinafsi ilitolewa kwa Amri ya Kifalme namba 32 ya 1997. Kinachotangulia ni gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, halafu ndiyo mirathi. Wasia haumwendei mrithi ila wenzake wakiridhia.

Wanawake wenzangu, sikilizeni hapa. Mahari ya nyuma ambayo hukulipwa ni deni. Hutolewa kabla ya mgawanyo, wala si sehemu ya thumuni yako. Na dhahabu yako, na vyombo ulivyonunua kwa mshahara wako, si mali ya marehemu. Tafuteni risiti zenu mapema.

Na deni la benki msilikimbilie kulilipa. Mikopo mingi ya benki huwa na bima ya kifo. Ulizeni kwa maandishi kama mkopo ulikuwa na bima, mngoje jibu kwa maandishi.

Pensheni nayo haigawiwi kwa mafungu ya mirathi. Iko chini ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii, Amri ya Kifalme namba 52 ya 2023, ambayo yenyewe inataja nani wanastahiki. Nendeni Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wenyewe. Hapana haja ya mtu wa katikati.

Mtu wa "tutawamalizia haraka"

Yule bwana wa kwanza alikuja na mkoba na karatasi zilizokwisha pigwa chapa. Alitaka wakala wa jumla kutoka kwangu na kwa wanangu, na ujira wa asilimia 5 ya mali yote. Nilimkaribisha kahawa, nikamwomba aniachie karatasi nizisome. Akasema haziachwi.

Kisha akauliza warithi ni nani. Nikamhesabia: mimi, wanangu wawili wa kiume, binti yetu, na binti wa marehemu kwa mke wake wa kwanza, ambaye yuko Unguja. Akaweka kalamu chini. Akasema kwa sauti ya upole: "Bibi, huyo wa Unguja atawachelewesha miezi. Karatasi zake za huku hakuna. Tukimwacha nje, ndani ya wiki tatu mmemaliza."

Siwezi kusema kwamba nyumba nzima ilishtuka. Mwanangu mdogo alinyamaza, na ukimya wake niliusikia. Ana mkopo, ana watoto wanasoma. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu mbele yao.

Mke mwenye mume aliyeacha watoto hupata thumuni. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Kwa watoto wetu wanne inakuja mafungu 48: mimi 6, kila mwana 14, kila binti 7. Nyumba tukiikadiria kwa riali 120,000, yangu ni 15,000, ya kila mwana 35,000, ya kila binti 17,500. Kwa hiyo alichokuwa akitwambia ni kwamba tumnyang'anye yatima wa watu wazima riali 17,500, na juu yake tumlipe yeye riali 6,000 kwa kutufundisha.

Mwanangu mdogo akasema, "Mama, basi." Yule bwana akaondoka na mkoba wake.

Kuficha mrithi ni dhambi, na mahakamani ni hatari pia. Warithi hutajwa mbele ya mashahidi, na aliyeachwa nje akija na hati zake hata baada ya miaka, kesi hufunguliwa upya, na nyumba iliyokwisha uzwa huwa balaa kwa aliyeuza na aliyenunua.

Mrithi aliye Afrika Mashariki

Ni kweli inachukua muda, lakini inawezekana. Binti wetu wa Unguja alitoa cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho, akampa wakala maalumu dada yake aliye hapa. Karatasi za huko lazima zithibitishwe: zigongwe mihuri na mamlaka za Tanzania, kisha na ofisi ya uwakilishi ya Oman. Unguja upo ubalozi mdogo wa Oman, na hapa Muscat upo ubalozi wa Tanzania. Zikifika hapa zitafsiriwe kwa Kiarabu na mfasiri aliyesajiliwa. Angalieni jina liandikwe namna moja kila mahali. "Said" wa karatasi hii na "Saeed" wa karatasi ile wanaweza kuwarudisha mwanzo.

Wenye jamaa Kenya, mkumbuke Mahakama za Kadhi zimo ndani ya katiba ya 2010, Ibara ya 170, na zinasikiliza mirathi ya Waislamu.

Kama kuna mtoto mdogo miongoni mwa warithi, fungu lake haliuzwi kwa ridhaa ya mama wala ami peke yake. Mahakama lazima iruhusu.

Dalali na Alhamisi yake

Huyu alikuwa na mnunuzi wa fedha taslimu, riali 95,000, lakini jibu alitaka kabla ya Alhamisi. Alisema Al Khuwair sasa imepanda kwa ajili ya uwanja mpya na ule mlingoti wa bendera wa mita 126. Nikajiuliza, kama imepanda, mbona bei yake inashuka?

Elewa kwamba kabla ya ilamu na kubadilisha mulkiya hakuna anayeweza kuuza nyumba ya marehemu. Anachotaka dalali wakati huo ni saini ya ahadi, na arabuni itakayowafunga. Tulipomaliza eda tukaleta wathamini wawili wasiojuana. Wote walikaribia 120,000. Haraka ile ingetugharimu riali 25,000.

Hatukuuza. Wanangu wamekubaliana nikae, na siku ikifika ya kuuza, kila mmoja anajua fungu lake kwa maandishi. Familia nyingine itahitaji kuuza, na si aibu. Lakini mrithi asiye na fedha anaweza pia kununuliwa fungu lake na ndugu zake kwa bei ya wathamini. Semeni hilo kwanza, kabla ya kumwita mtu wa nje.

Simu ya Unguja

Wa tatu alidai babu wa mume wangu alikuwa na nyumba Mji Mkongwe, kwamba Serikali sasa inazirudisha, na nikituma riali 400 leo atanifungulia faili. Familia zetu nyingi zina kidonda hiki, na watu hawa wanajua pa kubonyeza.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali, na mpaka leo mtu huwa na haki ya kuitumia tu. Nyumba nyingi zilitaifishwa. Hakuna mtu wa simu anayeweza kulitengua hilo kwa riali 400. Kama marehemu aliacha mali Zanzibar ambayo ni yake kweli, ziko sehemu za kwenda: Mahakama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo kazi zake ni pamoja na kusimamia mirathi ya Waislamu. Tumeni jamaa mnayemwamini aende kwa miguu yake aulize, arudi na karatasi yenye muhuri.

Kanuni nilizobandika kwenye friji

Ndani ya eda, hapana saini ila ya cheti cha kifo, ilamu na pensheni. Masheikh wetu wanaruhusu mjane kutoka mchana kwa haja ya lazima, kwa hiyo mtu asikwambie "kwa kuwa huwezi kutoka, nitilie saini hapa."

Karatasi isiyoachwa ikasomwa haitiwi saini. Mweleze mgeni kwamba mwanao au wakili ataisoma kwanza, na umtazame usoni.

Ujira wa asilimia haufai. Wakili na mwandishi wa maombi watoe bei ya kazi, kwa maandishi.

Asili za hati hazitoki nyumbani. Zinatoka nakala, na anayechukua anasaini daftari: jina, tarehe, saa. Mimi hata mwanangu nilimsainisha.

Ukidanganywa katika biashara, Mamlaka ya Kulinda Watumiaji ipo. Ukitishwa au kuibiwa, nenda polisi. Usione haya kwa kuwa ni msiba.

Na la mwisho ni kwa wanaume mlio hai. Mume wangu alikuwa na kitabu cha buluu ambamo aliandika deni lake, benki zake, namba ya mulkiya, na majina ya watoto wake wote, wa hapa na wa Unguja, kwa mkono wake. Kitabu kile ndicho nilichomfungulia mwanangu mdogo jioni ile mgeni alipoondoka. Alisoma jina la dada yake katika mwandiko wa baba yake, akaenda kumpigia simu.

Andikeni majina. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, nasi atupe mwisho mwema.