Visa vya Kutisha, Si Sinema za Uchawi

Mwaka 1960 kituo cha runinga cha NBC cha Marekani kilianza kuonyesha kipindi cha Thriller, mwigizaji Boris Karloff akiwa mtambaji. Wengine wangemwita mtangazaji, lakini Karloff hakutangaza kitu: alijitokeza, akawataja wahusika, akakuachia kisa na hofu yake. Abagusii wa Kisii waliolelewa kwenye emegano, yaani ngano, za nyanya wanamfahamu mtu wa namna hiyo.

Mwanzoni Thriller ilishughulika na wauaji na wadanganyifu. Baadaye ikaegemea zaidi kwenye mizimu na nyumba zilizolaaniwa. Kwa Kiswahili chetu, ilitoka kusisimua ikaingia kutisha. Tamthilia ya kusisimua hukufanya utake kujua kitakachofuata. Ya kutisha hukufanya usitake kujua, na bado huondoki.

Kuiita Thriller "mfululizo" ni tatizo, maana hapa hakuna kinachofuatana. Ukikosa sehemu moja ya Tausi, tamthilia ya KBC, ulipotea. Ukikosa kipindi cha Vioja Mahakamani, wiki ijayo kuna mshtakiwa mwingine na kesi nyingine. Thriller ni ya aina hii ya pili. Basi "sehemu" haifai, kwani sehemu hudai kitu kizima. Kisa kinajitosheleza: kinaanza, kinakutisha, kinakwisha. "Diwani" tuwaachie washairi. Huu ni mkusanyiko wa visa, 67 kwa jumla, vilivyofungwa mwaka 1962 na kutolewa vyote mwaka 2010 katika kasha moja la dividii 14. (Wapo wanaotaka tuseme "santuri". Nendeni sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii, mkamwombe muuzaji wa dividii santuri ya sinema, kisha mniambie mlichopewa.)

Lakini muuzaji huyo huyo ukimwomba sinema za uchawi atakuelewa upesi, na hapo ndipo ninapogoma. Ekegusii, lugha ya Abagusii, hakichanganyi mambo haya. Omorogi ndiye mchawi. Omoragori hupiga ramli. Omonyamosira hukodiwa kumkinga mtu na omorogi. Ebirecha ni roho za wahenga, na wao hawamo katika hesabu ya wachawi hata kidogo. Vitisho vya Karloff vya wafu wanaorudi na nyumba zenye laana vingeangukia upande wa ebirecha. Kuvitia vyote katika kapu la "uchawi" ni uvivu wa msamiati.

Tena ni uvivu wenye gharama. Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee, walichomwa moto na umati uliowaita wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, katika Kisii hiyo hiyo, wanawake 4 waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Sinema haikuwaua, wala sidai hivyo. Ila Kisii na Nyamira neno "mchawi" si jina la mhusika wa kubuni. Ni shtaka linaloweza kumwangukia ajuza jirani, na halikwishi kama kisa cha Thriller, dakika 50 zinapotimia.

Ninyi wenye vibanda vya dividii na ninyi watangazaji wa redio, andikeni na semeni "visa vya kutisha". Neno "mchawi" msilibandike kwenye bidhaa ya kujiburudisha.