Kuaga na Kumaliza: Msomaji wa Pemba na Mwisho wa Manga ya Mapigano

Neno manga lilikuwa na mwenyewe Pemba kabla ya Wajapani kutuletea lao. Manga ni Uarabuni, na kwa Wapemba zaidi ni Oman: huko ndiko yalikotoka majina ya pilipili manga na komamanga, na Mmanga ni mtu wa huko. Kijana wa Wete akimwambia babu yake kwamba usiku kucha alikuwa akisoma manga, mzee ana haki ya kufurahi, akidhani mjukuu amerudi chuoni. Kumbe mjukuu yumo ndani ya simu, anasoma katuni za Kijapani zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, na amekasirika. Hadithi aliyoifuata miaka nenda miaka rudi imekwisha, na imekwisha vibaya.

Hasira hiyo ndiyo mada yangu. Wahakiki wengi huipita kando kana kwamba ni utoto. Mimi naiona kuwa uhakiki, tena uhakiki ambao nadharia ya fasihi simulizi ya pwani yetu inaweza kuueleza vizuri kuliko inavyodhaniwa. Dai langu ni kwamba hadithi ndefu ya mapigano haina mwisho wake yenyewe. Ina kuagwa tu. Msomaji anapolalamika kuwa mwisho ni mbaya, mara nyingi analalamika kwamba hakuagwa.

Tutazame kwanza umbo lenyewe. Manga ya mapigano huishi kwa adui ajaye. Shujaa humshinda mmoja, akatokea mwengine mwenye nguvu zaidi, na nguvu za shujaa nazo zikapanda. Dragon Ball ya Akira Toriyama ilikwenda hivyo tangu 1984 hadi 1995, ikajaza vitabu 42. Naruto ya Masashi Kishimoto ilianza 1999 ikafika sura ya 700 mnamo Novemba 2014. Aliyeianza akiwa na miaka saba aliimaliza akiwa na ishirini na miwili. Msuko wa namna hii hauna mahali unapodai kukomea, kwa kuwa kila pambano ni daraja ya kuvukia pambano jengine. Ndiyo maana mwisho wake, popote utakapowekwa, huonekana kama ukuta uliojengwa katikati ya njia. Sura ya mwisho ya Naruto ilizusha ugomvi wa ajabu kidogo: baada ya miaka 15 ya vita, wasomaji hawakubishana nani kamshinda nani, walibishana nani kamwoa nani. Jujutsu Kaisen ya Gege Akutami ilipofungwa Septemba 2024 kwa sura ya 271, lawama ilikuwa ya haraka. Adui mkuu ameanguka, na baada ya sura chache tu mlango umefungwa.

Sasa turudi nyumbani. Edward Steere alipochapisha hadithi alizozikusanya Unguja, katika kitabu chake cha 1870, alihifadhi pamoja nazo desturi ya fanani ya kufungia ngano. Fanani husema, kwa maneno yanayobadilika huku na kule, kwamba hadithi ikiwa njema basi wema wake ni wa watu wote, na ikiwa mbaya ubaya wake ni wa aliyeitunga peke yake. Tumeyazoea maneno hayo hata hatuyasikii tena, nayo ni mkataba kamili. Yanagawa mali. Utamu unabaki kwa hadhira, na uchungu fanani anaondoka nao. Zaidi ya hayo, yanampa msikilizaji ruhusa ya kusema kwamba hadithi ni mbaya, na ruhusa hiyo inatoka kinywani mwa fanani mwenyewe, kabla hajaulizwa. Mtunzi wa utenzi naye hufanya jambo la jamii hiyo. Vita vikishapiganwa na maadui wakishaanguka, yeye hutoka nyuma ya beti zake, akajitaja jina, akataja tarehe, akahesabu beti, akaomba radhi kwa makosa, akaomba dua. Hiyo ndiyo tamati. Kwa mhakiki wa leo sehemu hiyo ni ya nje ya hadithi. Kwa msikilizaji ni mkono wa kwaheri.

Ukiipima manga kwa mizani hiyo, baadhi ya mambo yanayoonekana vituko vya mashabiki yanapata maana. Yoshihiro Togashi aliikatisha Yu Yu Hakusho mwaka 1994, hadithi ikiwa bado inapendwa, kwa sababu ya uchovu. Mwisho wenyewe ulikuwa wa ghafla. Lakini mwaka huohuo alitoa kijitabu alichokichapisha mwenyewe, akakigawa kwenye soko la Tokyo la vitabu vya namna hiyo, akaeleza humo kwa nini aliacha. Hajime Isayama naye alifunga Attack on Titan Aprili 2021 kwa sura ya 139, lawama zikamwagika. Miezi miwili baadaye kitabu cha mwisho kilitoka kikiwa na kurasa za ziada, na toleo lake la televisheni lilipofika ukingoni Novemba 2023, mazungumzo ya mwisho baina ya wahusika Eren na Armin yalikuwa yameandikwa upya, mwandishi akishiriki. Wapo waliosema Isayama amewapigia magoti mashabiki. Mimi naona tamati iliyochelewa. Fanani aliondoka barazani bila kuaga, akaitwa, akarudi.

Hapa pana kigingi, na sitakificha. Mkataba wa ngano unachukulia kwamba fanani ndiye mtungaji. Jarida la Shonen Jump, zilikotoka Dragon Ball, Naruto na Jujutsu Kaisen, halikujengwa hivyo. Kila toleo la wiki lilikuja na kadi ya kura. Msomaji huandika humo majina ya hadithi alizozipenda, akaituma kadi, na hadithi inayoshika mkia huondolewa. Mwanzoni mwa 1995 jarida hilo lilifika nakala milioni 6.53 kwa toleo moja. Kwa mfumo huo hadhira si waitikiaji wa "hadithi njoo" tu. Inashika usukani kwa mkono mmoja. Hadithi iliyopaswa kukoma katika mwaka wake wa tano huburutwa hadi wa kumi kwa sababu wapigakura hawajashiba, kisha haohao wapigakura hushangaa kwamba mwandishi amefika mwisho hana pumzi. Kwa haki basi, ubaya wa mwisho wa namna hii hauwezi kuwa wa mtungaji peke yake. Sehemu ya hasira ya kijana wetu wa Wete ni hasira ya mlaji aliyemlazimisha mpishi aongeze maji kwenye mchuzi. Tofauti ni kwamba yeye, akiwa Pemba na tafsiri yake ya simuni, hakupiga kura. Analipa deni la wasomaji wa Tokyo.

Kwamba mwisho unaweza kuwa wazi na bado ukakubalika, mfano ninaoupenda ni Ashita no Joe, hadithi ya mpigangumi iliyoandikwa na Ikki Kajiwara na kuchorwa na Tetsuya Chiba. Mpinzani wa shujaa, Rikiishi, alipokufa ndani ya hadithi, wasomaji walimfanyia maziko ya kweli: tarehe 24 Machi 1970 watu wapatao 700 walikusanyika katika jengo la wachapishaji, mshairi Shuji Terayama akiongoza. Hadithi yenyewe ilikoma 1973. Joe ameketi kwenye kona ya ulingo, mweupe kama majivu, anatabasamu. Amekufa au amepumzika? Hadi leo haijaamuliwa. Watu hawakuudhika, kwa sababu uchungu walikwisha kuulilia pamoja miaka mitatu kabla. Matanga yalitangulia kifo.

Pemba tunayo michezo yetu ya mapigano, na yote miwili ninayoifikiria inakwepa mwisho. Katika mchezo wa ng'ombe, maarufu Kengeja na kwengineko, fahali hufungwa kamba, mchezaji humchokoza kwa kitambaa, zumari linalia, wanawake wanaimba, watu wanapanda miti kuokoa roho zao. Wengi huunasibisha mchezo huu na Wareno, lakini tofauti na ilivyo Hispania, fahali wa Pemba hauawi. Mchezo ukisha hurudishwa kwa mwenyewe. Hakuna anayelalamika kwamba pambano halikukamilika, maana kila aliyekuja alijua kuwa litaachwa, halitamalizwa.

Mchezo wa pili ni malumbano ya washairi, na hapo Pemba ina hazina ambayo wasomaji wetu wa manga wangeitambua mara moja. Kamange, yaani Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, na Sarahani bin Matwar walijibizana kwa mashairi katika kisiwa hiki katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ni wapinzani wawili wa rika zinazokaribiana, kila mmoja akimnoa mwenzake, na hadhira ikingoja jibu. Muundo ni uleule: pambano huzaa pambano. Lakini katika malumbano msomaji asiyeridhika ana njia ambayo kadi ya kura haimpi. Anaweza kujibu. Akiona mwisho haumkai, atunge beti zake kwa bahari ileile, na akishindwa kutunga anyamaze. Mashabiki waliochora upya mwisho wa Attack on Titan kwa mikono yao wamefanya kitu ambacho mshairi yeyote wa Pemba angekielewa, na nawathamini kuliko wanaotukana tu. Kosa lao ni moja: wanataka mwisho wao uufute wa mwandishi. Jibu katika malumbano halifuti shairi lililotangulia. Bila ya lile, lenyewe halisomeki.

Kamange alifariki 1910 na Sarahani akabaki hadi 1926, miaka 16 bila mpinzani wake. Mashairi yao yaliyosalia yalikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, yakahaririwa na Abdilatif Abdalla, yakachapishwa na Mkuki na Nyota 2011. Kitabu kinaitwa Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani. Jina halisemi nani alishinda.