Mbwa wa Lango na Mbwa wa Gulu

Hapa Bugolobi mbwa ni sehemu ya ukuta. Kwenye malango kadhaa ya mtaa huu utaona kibao chenye picha ya mbwa aliyetoa meno, na pengine kibao kipo, mbwa hayupo. Ukimwambia jirani kwamba mnyama huyo huwafariji wagonjwa, atadhani unazungumzia Ulaya.

Vitabu navyo vinamuunga mkono. Simulizi ya kawaida huanza Uingereza na Florence Nightingale, aliyeandika karibu mwaka 1860 kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mwema wa mgonjwa wa muda mrefu, kisha huhamia Marekani miaka ya 1960 kwa mwanasaikolojia Boris Levinson na mbwa wake Jingles. Afrika ikitajwa, hutajwa mwishoni, kama mpokeaji. Kwa maoni yangu, mpangilio huo hauifai Uganda.

Tuangalie Gulu. Vita vya serikali na kundi la Joseph Kony vilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 vikaitesa kaskazini hadi mazungumzo ya Juba ya mwaka 2006. Zaidi ya watu milioni 1 walisongamana kambini. Francis Okello Oloya alikuwa na miaka 12 alipokuwa akilima shamba la familia, jembe lake likagonga bomu. Akapofuka. Katika shule ya bweni, safari ya usiku kwenda chooni ikawa mtihani, maana kuwaamsha wenzake kila mara kulimtia haya. Waliomsindikiza ni mbwa wa pale shuleni. Hakuna daktari aliyewaagiza, wala hakuna aliyekuwa amemsoma Levinson.

Baadaye, akiwa amesomea saikolojia, Okello alianzisha mradi wa mbwa wa faraja chini ya shirika la BIG FIX Uganda, ambalo lina hospitali ya wanyama Gulu. Fedha na uzoefu wa nje vimesaidia, sikatai, lakini wazo lilitoka kwenye ile njia ya chooni. Mbwa wasio na wenyewe huchanjwa dhidi ya kichaa (jambo la lazima, kwani hofu ya mbwa nchini si ya bure), huhasiwa, kisha hukabidhiwa watu walioumizwa na vita, wakiwemo waliotekwa utotoni. Mtu na mbwa hufunzwa pamoja kwa miezi kadhaa, huku mtu akipata ushauri nasaha. Mbwa hachukui nafasi ya mshauri. Ila mshauri huenda nyumbani jioni, na jinamizi huja usiku.

Umbali nao una uzito wake. Hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, Butabika, ilifunguliwa mwaka 1955 upande wetu huu wa Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka Gulu.

Mihadhara kuhusu vita hivyo hutaja kambi, utekaji na hati ya kumkamata Kony iliyotolewa The Hague mwaka 2005. Namna watu walivyopata usingizi tena haina hata ukurasa, ingawa wahusika wengi wako hai na wanaweza kuulizwa.